Kitenge cha Waangalizi

Prezida wa kamati yetu aliamini kwamba mwangalizi asiyeonekana ni kama hakwenda. Alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa kola iliyopigwa pasi hata siku ambazo risasi zililia kule Mulenge, nami nilikuwa katibu wake, maana yake mbeba mfuko. Vita vilikuwa havijaisha, vimepumzika tu. Serikali ya mpito ilikuwa imetangaza mageuzi: jeshi moja, uchaguzi, na barieri zote, vile vizuizi vya barabarani, kuondolewa. Sisi wa sosiete sivil, asasi za kiraia za Uvira, tulijitwika kazi ya kuangalia kama ahadi inafuatwa.

Mimi niliitaka kazi hiyo kwa ajili ya yaya, dada yangu mkubwa. Alikuwa akipeleka ndagala, dagaa wakavu wa ziwani, kuuza bondeni Ruzizi, na kila alipopita, askari wawili waliokuwa wamefunga kamba barabarani, ndiyo barieri yao, walichota kwenye beseni lake kana kwamba walivua wao. Faida yote iliishia pale. Alishasema wazi: hali ikiendelea hivyo anaacha biashara, na wanawe wanaacha shule.

Prezida alianza na sare. Kwetu hakuna jambo la maana bila kitenge cha sare, iwe arusi au matanga, basi na mageuzi nayo yakashonewa. Tulichagua cha kijani chenye maua ya njano makubwa kama sahani, fundi wa mtaa wa Kimanga akatukatia mashati na magauni, tukatoka kama kwaya iliyopotea njia.

Kuonekana tulionekana. Tulipokuwa bado mbali na barieri, wale askari walikunja kamba, wakakaa pembeni ya barabara kama wasafiri wanaongoja lori.

"Kamba iko wapi?" prezida akauliza.

"Kamba gani, mwalimu? Hapa kamba haiko."

Prezida alifurahi mno. Akaniamuru niandike kwamba mageuzi yanakwenda vizuri, nikaandika huku nimeuma meno. Jioni yaya alirudi na hasara yake ya kila siku, nikamweleza kwamba kwa mujibu wa rapori niliyoiandika, barieri haiko tena.

"Basi ndagala yangu imekuliwa na rapori," alisema.

Hakucheka. Nami nikakasirika, sijui hata nilimkasirikia nani.

Kesho yake alinijia mapema. "Unipatie kile kipande cha kitenge chenye kilibakia."

"Cha nini, yaya? Weye hauko mu kamati."

"Dawa ya moto ni moto. Leta."

Akajifunga kitenge chetu, akajitwika beseni, akaenda. Kamba ilikunjwa kabla hajaifikia. Alifika sokoni na ndagala wake wote, akarudi akiimba mpaka majirani wakauliza kama ameposwa tena. Baada ya hapo nani angewazuia wanawake wa soko? Duka la Kimanga liliishiwa na kile kitenge, na barabara ya bondeni ikawa maua matupu.

Prezida aliwaka. "Banatuharibia kazi! Sasa mwangalizi atajulikana namna gani?"

"Njo vile, mwalimu. Hata askari hawajui nani ni mwangalizi," nikamjibu.

Alininunia siku nzima. Lakini hakuwa mjinga, ila alipenda kola yake tu. Alianza kukaa sokoni wanawake wanaporudi, akiwauliza nani kazuiwa, wapi, na kachukuliwa nini, na kwa mara ya kwanza rapori yetu ilifanana na barabara. Yaya akalipa shule. Mimi bado nilikuwa na hofu kwamba askari wataugundua mchezo na kulipiza kisasi.

Asubuhi moja, tukiwa palepale penye kamba, mmoja wa wale askari wawili alinishika mkono akanivuta kando. Akatazama kama mwenzake yuko mbali, akainamisha kichwa karibu na sikio langu.

"Katibu, kile kitenge kinapatikana wapi?"

"Cha nini, afande?"

"Cha bibi yangu, mama watoto. Anauzisha mafuta ya mawese. Kule mbele iko barieri ingine, banamumaliza."