Nakala Zilizokwenda Nyakitonto Bila Yoshua bin Sira

Mwaka 2013, mjini Kasulu, kazi yangu ilikuwa kuweka alama kwenye mafaili ya Biblia ya Kiha. Kila rejea iliyoelekeza kwenye vitabu vya deuterokanoni, vile vilivyomo katika Biblia ya Wakatoliki na havimo katika ya Waprotestanti, niliizungushia alama mbili, ya kufungua na ya kufunga. Kompyuta ikiandaa nakala ya Waprotestanti, huruka kilichomo katikati. Ni kazi ya mtu mvumilivu, nami uvumilivu sikujaliwa.

Nilisaidiwa na wazee wawili: katekista wa Nyakitonto aliyesoma rejea kwa sauti, na mchungaji wa Titye aliyegonga meza kila aliposikia ya deuterokanoni, nami nikaweka alama. Miezi mitano ya kazi hiyo nilicheka mno. Mchungaji alidai Yoshua bin Sira, kimojawapo cha vitabu hivyo, ana maneno mengi kuliko wifi. Katekista akasema ndiyo maana Waprotestanti walimkimbia.

Wasomaji wa majaribio kule Nyakitonto, Wakatoliki wote, walikuwa wamemwonya katekista kwamba vitabu vyao vitapunguzwa kidogo kidogo. Akawaapia kwa jina lake kwamba haitapotea hata rejea moja. Haraka haina baraka: mimi nikachapisha mabunda yote mawili ya majaribio, la Wakatoliki na la Waprotestanti, kutoka faili la Waprotestanti, naye katekista akazigawa nakala kwa mkono wake mwenyewe. Jumatatu alirudi akaniambia hawezi tena kuwatazama watu wale machoni. Nililia, sioni haya kusema.

Mchungaji akaenda kuita bodaboda mbili.

Nyakitonto nilisimama mbele ya wasomaji nikakiri kosa langu. Mchungaji akaomba kalamu zigawiwe. Hakuwa na karatasi yoyote mkononi.

"Yakobo 1:19," akasema. "Andikeni pembeni: Yoshua bin Sira 5:11."

Mama mmoja alifungua Biblia yake akahakiki, akaitikia kwa kichwa. Wakaanza kuandika. Mchungaji akaendelea na nyingine, na nyingine, na kila mara yule mama alikuta ni sahihi. Mwishowe akashindwa kuvumilia, akamuuliza kama kitabu hicho huwa anakisoma.

"Sijawahi kukifungua, mama," mchungaji akajibu, akimnyoshea kidole katekista. "Nimekaa na huyu tu."

Katekista alikuwa ameinamia nakala yake, akiandika taratibu kuliko wote.