Mzee Asiyemsikia Mkewe

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye benchi la kliniki ya masikio hapa mjini, nikisubiri kutolewa nta. Mbele yangu waliingia mzee mmoja wa Chumbageni na mkewe. Mlango ulibaki wazi, na daktari, binti mwenye sauti ndogo, ikambidi aseme kwa nguvu. Benchi zima tukawa tumeingia bila kuitwa.

"Shikamoo babu. Unasumbuliwa na nini?"

"Marahaba. Mimi mzima. Huyu ndiye kanileta."

Mkewe akakaza mtandio. "Daktari, barazani anawasikia wenziwe wote. Mimi nikimwita, kimya. Wajukuu wakimsemesha, anacheka tu. Nimeshafunga mizigo niende kwa kaka yangu kule Horohoro. Siwezi kuishi na dharau."

Mzee akavishwa vidude masikioni, akaambiwa ainue kidole kila asikiapo mlio. Milio mizito aliinua upesi. Ile myembamba, kidole kililala pajani.

"Bibi, si dharau," daktari akasema. "Usikivu wake umepungua kwa kiwango cha wastani. Sauti nyembamba, kama za wanawake na watoto, mara nyingi ndizo hutangulia kupotea."

Bibi akamwinamia mumewe sikioni. "Kwa hiyo hata matusi yangu hukuyasikia?"

Mzee akapangusa miwani taratibu. "Hayo niliyasikia yote. Ukikasirika, sauti yako hunenepa."

Waume wenzangu mnaoitwa mara tatu ndipo muitike, nendeni mkapimwe. Ila mjue, masikio yakikutwa mazima, mtarudi nyumbani bila utetezi.