Matundu Niliyoyaziba

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo siikumbuki kwa tarehe, naikumbuka kwa sauti. Nilikuwa nimejilaza kwenye mkeka jikoni kwa mama mkwe, adhuhuri, jua limesimama, na juu ya kichwa changu boriti zilikuwa zinavuma. Haukuwa upepo. Walikuwa nyuki wale wakubwa weusi wanaotoboa mti mkavu na kukaa humo ndani. Walivuma, wakanyamaza, wakavuma tena, na unga laini wa mti ukawa unashuka polepole katika mwanga wa mlangoni mpaka ukatua kwenye kope zangu. Leo hii nikisinzia mchana huwa nausikia mvumo ule, na sipendi mtu aniamshe. Lakini wakati ule nilikuwa nimeolewa miezi minne tu, na nilichoona ni uchafu.

Ngoja nikueleze jiko lile lilikuwa wapi. Ni upande wa Bukombe, miaka ya sabini, watu wametoka tu kuhamia vijijini. Nyumba zetu zilipangwa mstari kando ya barabara, na kuzunguka nyumba hizo miti yote ilikatwa, ya kujengea na ya kuni, na palipobaki pakalimwa pamba. Aliyekuwa jirani yako si ndugu yako, ni yule tu ambaye mstari umekupa. Mama mkwe wangu, Mama Masanja, alikubali kuacha zizi na kaburi la mumewe, lakini nguzo na boriti za nyumba yake ya zamani hakukubali kuziacha. Alizipakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe, na matundu yake, na nyuki humo ndani. Watu walimcheka njia nzima. Aliwajibu kwamba anahama na wapangaji wake.

Mimi nilitoka Nyahanga, Kahama mjini, binti wa fundi cherehani. Kwetu sakafu ilikuwa ya saruji na nilijiona. Unga wa mti ukidondoka kwenye chungu cha mboga, nilikuwa namwaga chungu kizima. Siku moja nilimwambia mama mkwe kwamba wale wadudu wataangusha nyumba. Akacheka, akasema, "Waache, mayu. Wametangulia kufika." Mayu ni mama kwa Kisukuma, na sisi humwita hivyo hata binti tunayempenda. Hakueleza zaidi, na mimi sikuuliza. Kuuliza ningeonekana mjinga, mwanangu, na kijana aliyetoka mjini afadhali umwite mwizi kuliko umwite mjinga.

Basi Mama Masanja akaenda msibani siku tatu. Nikapata nafasi. Nilichovya matambara kwenye mafuta ya taa, nikayasokomeza kwenye kila tundu, nikaziba juu kwa udongo na samadi, nikasiliba mpaka boriti zikawa laini kama mkono wa mtoto. Nilijisifu mwenyewe. Jioni ile nyuki waliokuwa mashambani wakarudi. Walizunguka boriti, wakagonga udongo kwa vichwa, wakaenda, wakarudi. Siku mbili waligonga. Nilikaa pale napepeta mtama nikijifanya siwaoni, na ilipofika siku ya tatu hakukuwa na kitu.

Mama Masanja aliporudi alisimama mlangoni akiwa bado na mzigo kichwani. Nilipiga magoti nikamwamkia. Akaitikia, kisha akatazama juu.

"Mbona nyumba imenyamaza?"

"Wamehama wenyewe, mama," nikasema, "nami nikasiliba matundu yao."

Akanitazama, akatua mzigo. Uongo wa kwanza huwa mwepesi hivyo. Hauna hata jasho.

Mvua zikaendelea, na maboga yakachanua. Mama Masanja alikuwa na mbegu za maboga alizopewa na mama yake, maboga ya ganda la kijivu, nyama yake kavu na tamu, ambayo yalimlisha yeye na wanawe miaka ya njaa. Mwaka ule maua yalikuwa mengi ajabu. Asubuhi shamba lote lilikuwa la manjano, na ungeweza kusimama pale ukasahau ulichotumwa. Lakini vile viboga vidogo vilivyo chini ya ua jike, vya ukubwa wa kidole gumba, vilikuwa vinageuka rangi na kuanguka. Leo vitatu, kesho saba. Mama mkwe alikuwa anaviokota, anaviweka kwenye pindo la kanga, anaingia navyo ndani bila kusema.

Wanawake kisimani ndio waliosema. Jirani yetu wa mkono wa kulia alikuwa mjane wa Kisumbwa, Bibi Nyamizi, hana mtoto, hana ng'ombe, macho mekundu kama ya bibi yeyote aliyepulizia moto wa samadi miaka hamsini. Kila asubuhi alipita kando ya shamba letu kwenda kuchota maji, na alikuwa akisimama kidogo kutazama maua. Wakasema anasimama kwa nini, kama si kuyaroga. Mmoja akasema, "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Mwanangu, methali ni kama mchi, unatwangia nafaka na pia unaweza kumpigia mtu. Nilikuwa pale na ndoo yangu. Niliinamisha kichwa nikasubiri zamu.

Wiki haikuisha, mtu akaweka matawi ya miiba mlangoni kwa Bibi Nyamizi. Wewe umezaliwa juzi, huenda hujui maana yake. Maana yake ni kwamba ukiendelea kukaa, kitakachofuata hakitakuwa miiba. Nilimwona asubuhi akiyaondoa kwa mikono yake, tawi moja moja, halafu akachukua mtungi akaenda kisimani kama kawaida. Balozi wa nyumba kumi akatangaza kikao Jumamosi kuzungumzia jambo la mjane. Kila mtu alijua kwamba baada ya vikao vya namna ile kuna wazee wengine hawakuonekana tena.

Katikati ya juma, lori la pamba likamshusha dada mmoja aliyeitwa Rehema. Alikuwa ametumwa na chuo kuhesabu nyuki wa porini. Ndiyo, kuhesabu. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Alikuwa ametoka kwenye kisiwa kimoja ziwani, upande wa Geita, alikokaa miezi mingi, na ngozi yake ilikuwa imepigwa jua mpaka pua imebambuka. Akaomba kwa Mama Masanja ruhusa ya kuweka bakuli zake shambani kwetu: za njano, za buluu, na nyeupe, kila moja ina maji ya sabuni. Wadudu wanadhani ni maua, wanatua, naye anawatoa kwa kibano na kuwapanga kwenye kasha lenye pamba. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga, lakini mimi yule mgeni alinitia homa.

Siku ya pili aliniita. Bakuli zilikuwa na nzi, na mbu, na kipepeo mmoja mwembamba. Akafungua daftari.

"Dada, wale nyuki wakubwa weusi, wanaotoboa boriti, hapa kwenu hawajawahi kuwepo?"

"Hawajawahi," nikasema.

Akaandika. Nilimwona anaandika uongo wangu kwa kalamu ya wino, kwa mwandiko mzuri uliolala upande, na moyo wangu ukauma kuliko nilipomdanganya mama mkwe. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu maneno ya mdomoni huenda na upepo, na yale yangesomwa na watu wasionijua.

Hakuondoka. Alichuchumaa kati ya maboga akaanza kunisimulia kisiwa chake, kwa sauti ya mtu anayeongea nusu usingizini. Kule, alisema, nyuki ni wa aina chache. Bara, aina moja ikipotea, nyingine inakuja kushika kazi yake, kama vile mke mwenza anavyoweza kukupikia ukiugua. Kisiwani hakuna wa kuja. Maji yamezunguka pande zote. Amekuta huko mti ambao nyuki wake amekwisha, na mti ule unachanua kila mwaka, unachanua vizuri kabisa, na hauzai. Kisha akainua kichwa akatazama pamba na ardhi tupu iliyotuzunguka mpaka macho yanapoishia.

"Na ninyi hapa mko kisiwani," akasema. "Maji tu ndiyo hamna."

Akachuma ua dume, akalichambua petali zake, akaligusisha taratibu katikati ya ua jike. Unga wa manjano ukabaki pale. "Hii ndiyo kazi yao," akasema. "Asipokuja wa kuifanya, kiboga kinaanguka. Hakuna mchawi."

Nilikaa chini, mwanangu, kwenye tope, na kanga yangu nzuri ya kuolewa. Nililia. Nilimwambia yote: mafuta ya taa, udongo, wale waliogonga siku mbili. Alinisikiliza bila kunishika bega. Kisha akafungua daftari. Nilidhani atachana ukurasa. Hakuchana. Alipiga mstari mmoja juu ya yale maneno, yakaendelea kusomeka chini yake, na pembeni akaandika yaliyo kweli. Nikamuuliza mbona hafuti kabisa. Akasema katika kazi yao kosa halifutwi, atakayesoma lazima aone mlipokosea. Halafu akafunga daftari akanitazama. "Langu nimelisahihisha. La kijiji siwezi kukusahihishia."

Nilimkuta Mama Masanja anachambua choroko. Nilipiga magoti nikasema. Hakuacha kuchambua. Alipomaliza ungo mzima ndipo akanyanyua macho, nami nikajiandaa kwa kipigo, au kurudishwa Nyahanga.

"Nyuki ningekusamehe," akasema. "Hujui, hukufundishwa, na mimi sikukueleza, kosa letu wote wawili. Maboga ningekusamehe. Lakini ulipeleka ndoo kisimani kila siku, ukasikia jina la mwenzako linatiwa sumu, ukachota maji ukarudi. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na wewe, mayu, umejikwaa kwa kunyamaza. Mimi pia nilianza kumtazama vibaya yule mama. Nimemtazama vibaya kwa sababu yako." Akaweka ungo kando. "Maneno haya si yangu. Yapeleke yanakohusika."

Jumamosi nilisimama mbele ya watu. Mume wangu alikuwa anatazama viatu vyake. Nilisema, na watu wakacheka, mzee mmoja akauliza tangu lini boga likahitaji mkunga. Ndipo Mama Masanja akaleta boriti moja aliyoing'oa mwenyewe jikoni, akachokonoa udongo kwa msumari, akaigeuza akaigonga. Nyuki wakaanguka chini, wakavu, weusi, kumi na zaidi. Kicheko kikaisha. Dada Rehema akaeleza kwa kifupi, akaonyesha lile ua, na kiboga chake kilichokwisha kuanza kunenepa. Balozi akasema hakuna kesi. Watu wakaondoka kwa haraka, kila mmoja akidai si yeye aliyeweka miiba.

Bibi Nyamizi alikuwa amekaa nyuma ya wote. Aliinuka, akajifunga kanga vizuri, akaenda. Mwezi haukuisha akahamia Ushirombo kwa mtoto wa dada yake.

Msimu ule wote nilikuwa nyuki, mwanangu. Kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, nilitoka ua hadi ua, vidole vya manjano, nusu nimelala nusu niko macho, na mara nyingine nikajikuta navuma bila kujua. Tulipata maboga tisa. La kwanza kukomaa nililibeba kichwani mpaka Ushirombo. Bibi Nyamizi alilipokea kwa mikono miwili, akalipika, tukala pamoja kwenye sinia moja. Nikamwomba arudi. Nikamwambia nitamjengea mlango mpya, nitamchotea maji mpaka afe.

Akatabasamu. "Nilikusamehe ulipokuwa bado umesimama pale kikaoni," akasema. "Lakini mimi nimelala nyuma ya mlango ule na miiba yake, mwanangu, nikisubiri kukuche. Usingizi wangu wa pale umekwisha. Huo huwezi kunirudishia." Akanisukumia kipande kilichobaki cha boga nile.

Sikurudi nikiwa mtu yule yule. Ndiyo maana nakwambia haya mapema, wakati bado una meno yote. Ukikuta kitu kimetangulia kufika mahali, hata kama ni mdudu anayekuangushia unga kwenye chungu, uliza kwanza anafanya kazi gani. Usione aibu kuuliza, aibu ya kuuliza ni ya siku moja. Na ukikosea, kwa sababu utakosea, sema siku hiyo hiyo. Usingoje daftari la mgeni, usingoje kikao. Mimi nilisema kweli, watu wakanisifu hata, lakini niliisema baada ya miiba. Kati ya kosa langu na maneno yangu alikuwapo mtu asiyelala. Msamaha utaupata, wazee ni wepesi wa kusamehe kuliko unavyodhani, ila kuna vitu ambavyo msamaha wenyewe hauvifikii.

Nenda basi kwenye makazi yako mapya, jua lisikupige njiani. Mungu akupe ulimi usiochelewa na mkono usio na haraka ya kuziba. Shamba lako likichanua, lizae. Na jirani utakayepewa na mstari, yeyote awe, alale usingizi mzuri kwa sababu wewe upo.