Mrija wa Mwisho wa Baba Njoki

Siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu, ingawa nimezunguka nchi hii zaidi ya miaka ishirini na kusahau mambo makubwa kuliko hiyo. Nilikuwa nimesimama ukingoni mwa bwawa huko upande wa Kivaa, chambo cha plastiki mkononi na tamaa moyoni. Niliikumbuka jana uliponionyesha kwenye simu ile mirija laini ya chambo, ya rangi zote, unayotaka kuagiza, ukaniuliza, "Baba, hapa gani ndiyo kali?" Leo nakujibu.

Bwawa lile lilichimbwa na mwenye shamba wa zamani, na ndiye aliyetia ndani samaki wa besi, wale wenye mdomo mkubwa na hasira za bure. Maji yalipojaa yalifunika migunga mingi, ikabaki visiki chini huko. Miaka ikapita, mto Tana ukafurika, akaja mgeni mwingine ambaye hakuna aliyemtia. Mamba.

Mjomba wangu Kilonzo ndiye aliyekuwa mlinzi wa bwawa, na ndiye aliyewaongoza wageni waliokuja kuvua. Mjomba hakumdharau mamba yule wala hakumkimbia, alimwekea sheria tu. Ng'ambo kulikuwa na mwamba bapa ambako mamba alipenda kuota jua. Akiwa juu ya mwamba, watu walichota maji na kuosha miguu. Mwamba ukiwa mtupu, hakuna aliyekanyaga maji, hata kama ni askofu amekuja kubariki.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sina kazi. Mjomba alikuwa anastaafu mwaka huo, na mwenye shamba alitaka mtu wa kushika nafasi yake. Niliitaka kazi ile kuliko kitu chochote, mwanangu. Nilikuwa hata nimeanza kutembea kama mjomba, mikono nyuma.

Kuchagua chambo alinifundisha yeye. Alichota maji ya bwawa kwenye karai, akaangusha humo mirija, mmoja baada ya mwingine. Unaijua ilivyo: mirefu kama kidole cha kati, mitupu ndani, mwisho wake umechanwachanwa kama miguu ya kaa. "Usichukue ile inayokupendeza wewe," aliniambia. "Si wewe unayekula. Tazama kutoka juu. Chukua ile inayokaribia kupotea machoni na bado haijapotea." Maji yakiwa safi, ilikuwa ile ya kahawia yenye ukijani, rangi ya kaa wa mtoni. Mvua ikishachafua maji, nyeusi. Ile ya kumetameta aliiacha kwenye boksi ipendeze boksi.

Jambo la pili alilisema bila kutabasamu. Ncha ya ndoano ifichwe ndani ya mwili wa mrija. Samaki akiuma, plastiki hubonyea na ncha hutokea. Ukigusa kisiki, mrija huteleza na kupita. "Hapa kwetu," alisema, "ndoano wazi haikamati samaki. Inakamata bwawa."

Asubuhi hiyo alikuja Mama Njoki, mwenye duka la hadiwea mjini Tala. Mumewe ndiye aliyekuwa mvuvi, na alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Mama alikuja na fimbo ya kuvulia ya marehemu na boksi lake la vyambo, anajaribu kuelewa kitu ambacho mtu wake alikipenda hivyo. Maji yalikuwa safi. Kwenye boksi mrija wa rangi ya kaa ulikuwa umebaki mmoja.

"Haiya! Kijana, hii ni chambo ama ni soksi ya mtoto?"

"Ngoja uone, mama. Hiyo miguu ikicheza, samaki anajua ni kaa."

"Baba Njoki alikuwa anaongea na hizi vitu kuliko mimi." Akacheka, halafu akautazama ule mrija.

Lori likapiga honi getini, mjomba akapanda ukingo kwenda kulifungulia. Tukabaki wawili, nikiendelea kumrushia ule mrija. Samaki akagonga, akakosa. Akagonga tena, akakosa. Nilimwona Mama Njoki akikunja uso, nami nikawaza: akishika samaki, atanisifu kwa mwenye shamba, na kazi ni yangu. Nikavuta mshipi, nikamgeuzia mama mgongo kana kwamba natazama fundo, nikaitoa ncha ya ndoano nje ya plastiki ili ishike upesi. Mara moja tu, nilijiambia.

Nikamrushia. Mrija ukazama, ukagusa chini, ukashika.

"Samaki?"

"Kisiki, mama." Tulivuta kushoto, tukavuta kulia. Nikatoa kisu. "Nikate?"

"Usikate! Ndiyo ya mwisho ya Baba Njoki." Alikuwa tayari anavua viatu na kuifunga leso juu ya magoti. "Hapo maji yanafika wapi?"

"Magotini."

"Na huyo mamba wenu?"

Nilitazama ng'ambo. Mwamba ulikuwa mtupu, umekauka, hata alama ya maji haukuwa nayo. Mamba alikuwa ameondoka kitambo.

Nilikuwa na maneno mawili ya kusema, mwanangu, na yote mafupi. Mwamba ni mtupu. Ndoano niliitoa mimi. Lakini ningesema la kwanza tungekata mshipi, na mjomba angerudi aulize mrija uliofichwa ncha umeshikaje. Basi nikayameza yote mawili.

"Yuko mbali," nikamwambia. "Wewe baki, mama. Naingia mimi."

Maji hayakuwa ya magoti. Hatua ya tano yalinifika mapajani. Nilikuwa nafuata mshipi kwa mkono, nao ulikuwa umekaza na unatetemeka kidogo, na kisiki kilikuwa hatua nne mbele. Bata waliokuwa kwenye matete wakaruka wote kwa pamoja. Hakukuwa na upepo, ila maji upande wa kulia yalikuwa yanagawanyika taratibu, yakija.

"Syoka."

Ilikuwa sauti ya mjomba, ya chini, kama mtu anayemwita ng'ombe mwoga. Rudi. Kila mara mjomba akiwa na jambo zito alirudi kwenye Kikamba.

"Usigeuke. Usirushe maji. Nyuma, mguu mmoja mmoja. Na wewe mama, legeza fimbo, usivute."

Nikarudi. Mguu mmoja. Mwingine. Ule mgawanyiko wa maji ukakoma, na hilo lilinitisha zaidi, kwa sababu sasa sikujua yuko wapi. Kisigino kikagonga jiwe, nikayumba. Mjomba akanidaka kola, akanitupa ukingoni kama gunia la mahindi. Pale nilipokuwa nimesimama maji yalivimba, pua ikachomoza, ikatutazama, ikazama.

Mjomba akachukua kisu changu, akakata mshipi.

Hakunipiga. Aliniuliza tu, "Mrija umeteleza asubuhi yote. Huu umeshikaje?"

"Sijui, mjomba."

Akanirudishia kisu. "Angekuwa ni huyu mama ndani ya maji, pia hungejua?" akauliza. "Samaki kukosa si shida. Ila mtu anayeogopa aibu kuliko mamba, huyo siwezi kumwachia bwawa."

Kazi alipewa mwingine. Nami nikaondoka, na hapo ndipo kuzunguka kwangu kulipoanza: Isiolo, Garissa, Lodwar, kila mahali ambapo hakuna aliyejua bwawa lile.

Ukame huu wa juzi ulipokausha bwawa, nilirudi kuliangalia. Nilitembea kwa miguu mikavu hadi kwenye kile kisiki. Kilikuwa kimejaa ndoano zenye kutu, nyingi sana, mishipi ikining'inia. Kila moja ilikuwa ni mtu aliyekata akarudi nyumbani. Mrija wa Baba Njoki ulikuwa hapo, miguu yake bado laini.

Nikaupeleka Tala. Mama Njoki sasa ni mzee, duka analisimamia binti yake. Nikauweka mezani, nikamwambia yote.

"Nilijua," akasema. "Ulinigeuzia mgongo kama mtu anayekojoa. Nilikuwa nangoja useme." Akaugeuza mrija kiganjani, akaupanguza kwa leso. "Umechelewa. Lakini chai bado iko. Keti."

Sasa nakujibu, mwanangu. Chota maji ya pale unapovua, uchague kwa maji hayo, si kwa picha ya simu. Ficha ncha. Usirushe chambo ambacho huna moyo wa kukikatia mshipi. Na ukishakosea, sema kabla mtu hajavua viatu. Maneno mawili mafupi yalinigharimu miaka ishirini, na mama yule aliyangoja muda huo wote.

Nenda, na Mungu atangulie mbele yako ukingoni. Akupe jicho la kuutazama mwamba, na ulimi usioogopa aibu. Na kila bwawa utakaloliendea, hata likikunyima samaki, likurudishe kwa mama yako ukiwa mzima.