Breki ya Mbele ya Baba

Harufu ya mafuta ya breki haifanani na ya mafuta mengine. Si petroli, si mafuta ya taa, si ya kupikia. Iko na utamu fulani wa kukera, kama dawa ya kikohozi iliyoharibika, na ikishakuingia puani inakaa humo hadi jioni. Juzi mkwe wangu alifungua chupa yake hapa nje, amechuchumaa kando ya bodaboda yake. Mimi nilikuwa ndani nachagua maharagwe. Harufu ilinifikia kabla sijamwona mtu, na mikono yangu ikasimama juu ya ungo.

Nikatoka. Nikamkuta ameshika spana, analegeza.

"Unafanya nini hapo?"

"Ni hii ya mbele, Mama. Hii ni ya kuangusha watu. Naipunguza nguvu kidogo."

Niliyomjibu sitayaandika. Lakini nitawaeleza nyinyi kwa nini mwanamke anayeitwa shosho, yaani bibi, hata kama hajafika hamsini, alimpigia mkwe wake kelele mbele ya majirani, kitu ambacho kwetu ni aibu kubwa.

Baba yangu alikuwa akiuza dawa za mifugo. Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, Kitengela ikiwa bado na nafasi, pundamilia wakipita nyuma ya nyumba yetu asubuhi kama watu wanaoenda kazi. Duka letu lilikuwa la mabati, na ndani kulinuka dawa ya kupe hadi mkate ukanuka dawa ya kupe. Siku ya soko baba alifunga jerikeni na makatoni nyuma ya pikipiki, akashika barabara ya Namanga, akapita Kisaju hadi Kajiado mnadani. Wamasai walimjua kwa mlio wa injini. Akifika, wamama walimsalimia "Sopa!", naye akajibu "Epa!" kwa sauti ya Kikikuyu iliyowachekesha kila wiki.

Pikipiki yenyewe ilikuwa ya Kijapani, kuukuu, ilinizidi miaka. Tangi lake lilikuwa la kijani na baba alilipangusa kila Jumapili baada ya kanisa. Injini haikuwa na shida. Shida ilikuwa breki ya mbele. Ilikuwa ile ya zamani ya dramu, inayovutwa na waya, na ukiwa na mzigo kwenye mteremko ilikuwa kama kumwomba ng'ombe asimame kwa heshima.

Sasa mjue kitu kimoja kuhusu watu wetu na breki ya mbele. Waliiogopa kuliko nyoka. Kila mwenye pikipiki alikuwa na hadithi ya mtu aliyeigusa akaruka juu ya usukani. Kwa hivyo walifungua waya, wakautupa, wakaendesha na breki ya nyuma peke yake na maombi. Anko Gitau, mdogo wake baba, alikuwa mmoja wao. Alikuwa akiazima pikipiki yetu mara kwa mara, na kila alipoiazima alilegeza waya wa mbele. Akirudisha, anaukaza tena, anafikiri hatujui. Baba alijua. Walibishana kila mwezi.

"Gitau, nguvu ya kusimama iko mbele. Nyuma ni ya kusaidia tu."

"Nguvu ya kukuzika pia iko mbele," Anko alijibu, na watu wakacheka. Anko alikuwa mtu wa kuchekesha watu. Baba hakuwa.

Msimu mmoja wa mvua baba aliponea chupuchupu kugonga punda. Kesho yake akanichukua tukaenda kwa Mzee Abdi, Msomali aliyeuza vyuma vya zamani karibu na soko. Kulikuwa na pikipiki ya Kijapani iliyogongwa, ndugu ya ile yetu lakini changa kidogo, na mbele ilikuwa na breki ya diski, ile ya kusukumwa na mafuta. Baba akachukua mguu wote wa mbele: gurudumu, diski, mpira wa mafuta, na kile kikopo kidogo cha mafuta kinachokaa kwenye usukani.

"Huyu ndiye fundi wako?" Mzee Abdi aliuliza, akinionyesha kwa kidevu.

"Ndiye huyo."

"Basi mshike vizuri. Vidole vidogo vinaingia mahali spana haiingii, wallahi."

Nilikuwa na miaka kumi na moja, darasa la sita. Sijawahi tena kusifiwa hivyo.

Tulifanya kazi siku mbili chini ya paa la duka. Upande wa kushoto wa gurudumu ulibaki na mwanya wa sentimita moja, baba akachonga kipande cha bati cha kuuziba kwa tupa hadi meno yangu yakauma kwa mlio. Kazi ngumu ilikuwa kutoa hewa. Baba alileta mpira wa dripu, ule wa kuwekea ndama maji, akauchomeka kwenye skurubu ndogo ya chini, na ncha nyingine akaitia kwenye chupa. Mimi nikakaa juu, mkono kwenye breki.

"Pampu. Pampu. Pampu. Shika!" Anafungua chini. Mafuta yanatoka na mapovu. "Usiachilie! Ukiachilia kabla sijafunga, hewa inarudi." Anafunga. "Haya, achilia."

Tulifanya hivyo hadi mapovu yakaisha. Aliniambia maneno ambayo nayashika hadi leo: "Mafuta hayabanwi. Hewa inabanwa. Hewa kidogo ndani ya huu mpira, breki inakuwa muongo. Itakuambia iko, na haiko." Juu ya tangi nilikuwa nimetandaza kanga ya mama imekunjwa mara nne, kwa sababu baba alinionya kwamba mafuta haya yakidondoka kwenye rangi yanaila. Hakuna tone lililodondoka. Nawaambia leo kama nilivyowaambia wakati ule: hata tone moja.

Mwishowe breki ikawa ngumu kama jiwe. Baba akaendesha hadi mwisho wa mtaa, akashika, gurudumu likatii palepale. Akarudi anacheka, na baba alikuwa mtu wa kucheka mara moja kwa mwaka. Alijaribu mara kumi na zaidi.

Jioni hiyo Anko Gitau akaja kuazima. Alikuwa anaenda Isinya mara moja. Baba akampa, naye akairudisha usiku.

Asubuhi ilikuwa siku ya soko. Nilikuwa nimeshika jerikeni baba akiifunga, ndipo nikaona juu ya tangi, karibu na usukani, rangi ya kijani imevimba mahali padogo, kama ngozi iliyomwagikiwa chai moto. Nikanyoosha kidole kumwonyesha. "Baba, angalia." Akasema, "Tutaangalia jioni, nimechelewa." Hakujaribu breki. Angeijaribu kwa nini? Tuliijaribu jana.

Kwenye mteremko kabla ya Isinya mbuzi waliingia barabarani. Mama mmoja wa Kimasai aliyekuwa akiwafuata ndiye aliyemtoa mtaroni na kumshikilia kichwa hadi gari likapatikana. Baadaye alikuja kumsalimia nyumbani, akatuambia, "Vidole vyake vilikuwa bado vimefunga hiyo chuma ya breki. Tulivifungua kimoja kimoja." Baba alivunjika mguu mahali pawili na nyonga ikatoka. Hakutembea bila fimbo tena.

Sasa sikilizeni kilichofuata.

Siku baba aliporudishwa kutoka hospitali, Anko Gitau alisimama nyumbani kwetu, wageni wamejaa, na mimi nimebeba trei ya chai. Akasema, "Mimi nilimwambia. Breki ya mbele ni ya kuua. Na tena unampa msichana mkono kwa vitu za chuma? Alishika breki akaachilia, hewa ikaingia. Mtoto ni mtoto."

Watu wote wakanigeukia. Nikasema sikuachilia. Nikasema rangi imevimba kwenye tangi. Shangazi mmoja akasema, "Si umeona? Alimwaga na mafuta pia." Nikamtazama baba kitandani. Pikipiki ilikuwa imerudishwa na pickup, imeegemezwa ukutani karibu na dirisha lake. Alikuwa amenyoosha mkono nje ya dirisha, anapapasa kwa kidole gumba ile bolti ya juu, panapoingia mpira wa mafuta. Aliipapasa muda mrefu. Kisha akarudisha mkono ndani ya blanketi, akafunga macho.

Niliona ile bolti baadaye. Pembe zake zilikuwa zimeumwa na plaisi, ile koleo ya kubana. Baba hakuwahi kugusa bolti na plaisi maisha yake yote. Ningekula kofi kwa kosa hilo. Lakini nilikuwa mtoto, na wakubwa wote wakikwambia ni mkono wako, unaanza kuuangalia mkono. Niliuangalia sana. Muhula uliofuata sikurudi shule. Mtu alihitajika dukani, na mimi, nani angenitetea? Anko alitusaidia kweli: alileta unga, alilima shamba la shosho, mama yao, alibeba baba mgongoni hadi chooni. Kila mtu alimsifu. Na kila mtu aliniondolea spana mkononi nikiigusa, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu.

Ilipita miaka kumi hivi. Krismasi moja tulikuwa Kisaju, mbuzi amechinjwa, mimi nina mtoto mgongoni. Anko Gitau akaanza hadithi zake, na watu wakacheka. Akafika kwa ile pikipiki. "Haiya, ile kitu! Nilifika hapa barabarani nikaigusa kidogo, karibu inimwage! Nikatafuta waya nilegeze, waya hakuna. Nikafungua tu bolti ya juu na plaisi, ikatoa mafuta, ikatulia. Nikirudi nikaikaza vizuri kabisa, kama siku zote." Akacheka. Aliamini kabisa kwamba aliikaza vizuri. Hadi siku hiyo mtu huyo hakujua kwamba ukishafungua, hewa imeingia.

Hakuna aliyegeuka kuniangalia. Nilimgeukia baba. Alikuwa anakoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani.

"Baba, ulijua?"

"Kunywa chai."

"Ulijua?"

"Nilijua siku ile ile," akasema polepole. "Ningesema, mama yangu angepoteza mtoto mmoja au mwingine. Wewe ulikuwa mdogo. Mtoto husahau."

Nilimpa mtoto wangu mtu amshike, nikatoka nje, kwa sababu mikono ilikuwa inataka kuvunja kitu.

Watu huniambia nimsamehe, alikuwa anashikilia nyumba ya mama yake isigawanyike. Hilo nimelielewa. Nimelielewa tangu nilipokuwa na nyumba yangu mwenyewe ya kushikilia. Anko naye nilimsamehe mapema zaidi, kwa sababu alikosea kama watu wote wa hapa walivyokosea, kwa woga. Lakini baba hakukosea. Alipapasa ile bolti akajua, kisha akapima, na kwenye mizani yake mimi ndiye niliyekuwa mwepesi. Kila mtu alijua nitabeba. Nikabeba. Siku hizi sina hasira ya shule, wala ya mguu wake. Hasira yangu ni ya ule mkono uliorudi ndani ya blanketi.

Baba ameshazikwa. Pikipiki iko kwangu, nyuma ya nyumba, tangi bado lina kile kidonda cha rangi. Sijakipaka na sitakipaka.

Mkwe wangu aliponiona nimesimama pale, alidhani nimeogopa kwa ajili yake. Nikamwambia ahame. Nikachuchumaa mwenyewe, magoti yakalia, nikachukua spana namba nane kwa mkono huu ambao watu waliulaumu.

"Panda," nikamwambia. "Shika breki. Pampu mara tatu, halafu ushike. Na ukiachilia kabla sijafunga, utaniambia wewe mwenyewe kwamba umeachilia. Hutangoja nikuulize."

Akasema, "Sawa, Mama."

Akashika. Nikafungua.