Sista Ajifunza Kutopisha

Miaka yake yote ya kazi, Sista alikaa mapokezi ya hospitali akiamua nani aingie kwa daktari kwanza. Hakuwa mtu wa kuangalia nani kafika mapema. Aliangalia macho, midomo, namna mtu anavyovuta pumzi, kisha akanyoosha kidole: wewe njoo, wewe subiri, na wewe mwenye suti nzuri, hilo jino halijakuua tangu juzi, kaa kidogo. Aliiweza kazi hiyo kuliko mtu yeyote, na siku alipostaafu wenzake walilia kwelikweli, si kile kilio cha kuombea keki.

Sasa mtu wa namna hiyo mweke nyuma ya usukani, mfikishe kwenye mzunguko wa barabara, halafu kaa uone.

“Lile lori linatoa moshi mweusi,” alisema, mguu wake ukiwa juu ya breki. “Linaumwa lile. Lipite.”

Lori likapita.

“Na yule mama ana mtoto analia kiti cha nyuma. Pita, mwanangu, pita.” Akampungia mkono. “Na huyo wa pikipiki, hana hata kofia. Huyo heri awahi aendako kabla hajaletwa kwetu.”

Ubaya ni kwamba wakati anagawa ruhusa hizo, Sista mwenyewe alikuwa ndani ya mzunguko tayari. Na sheria ya pale haina mafumbo: anayetaka kuingia husubiri, aliye ndani hupita, akikaribia njia yake huwasha taa na kutoka. Yeye alikuwa amesimama katikati, amewaziba wote, na nyuma yake honi zilikuwa zinalia za kila aina.

Kando yake alikaa mwalimu wake wa udereva, mkono umeganda gotini. “Mama,” alianza, “samahani sana, kama hutajali, naona kama ingekuwa vyema kidogo iwapo…” Kabla sentensi hiyo haijafika mwisho, magari matano zaidi yalishapishwa.

Mwalimu huyo alikuwa mkwe wake, mume wa binti yake wa pekee. Wanafunzi wengine walimwita Radi, na hawakumwonea. Sauti yake ilisikika mpaka kwa wauza matunda wa ng'ambo ya pili. Lakini mbele ya mama mkwe, Radi aliisha kabisa, akabaki samahani na kama hutajali. Wakikutana mlangoni ilikuwa shughuli nyingine.

“Tangulia, Mama.”

“Aa, tangulia wewe, baba, umechoka.”

“Haiwezekani, Mama.”

Binti alikuwa akiwatazama kutoka mezani, chakula kinapoa, na siku moja aliapa atabomoa ukuta ili wapite wote wawili kwa pamoja.

Mtu atauliza, mama wa watu, kastaafu, kisa cha kuhangaika na gari ni nini? Kisa ni kwamba nyumbani alikuwa anakauka. Alipanga kabati, akalipangua, akalipanga tena. Alianza kuwapima joto majirani wasioumwa, nao wakaanza kupita njia ya nyuma. Ndipo mkuu wa kituo cha afya alipompigia simu. Kile kigari cheupe cha kupeleka chanjo kwa watoto wa vitongoji vya mbali kilikuwa kimelala, dereva kaacha kazi, na nafasi iliyokuwepo ilikuwa ya mtu mmoja tu: muuguzi anayejiendesha mwenyewe. “Lete leseni, Sista, kazi ni yako.” Sista alicheza jikoni na mwiko mkononi.

Kisha akaanguka mtihani. Akarudia, akaanguka tena. Mara zote mbili ni kwenye mzunguko, mara zote mbili akiwapisha watu ambao hawakuhitaji kupishwa. Mkuu wa kituo akapiga tena, safari hii kwa sauti ya upole, na upole huo ulimtisha Sista kuliko ukali. Wangengoja mtihani mmoja zaidi. Baada ya hapo wangetafuta mtu mwingine.

“Kazi hii ikinipita, nitazeeka,” Sista alimwambia binti yake.

“Mama, na huo umri ulio nao?”

“Umri ninao siku nyingi. Kuzeeka ndio sijaanza.”

Siku ya kuamkia mtihani, mwalimu na mwanafunzi wake walirudi kwenye mzunguko saa ambayo watu wanatoka kazini. Sista aliingia vizuri tu, gia sawa, usukani sawa. Halafu akaliona basi la shule pembeni, linasubiri, limejaa watoto wenye nyuso za njaa. Mguu ukaanza kujongea kwenye breki. Mwalimu akatupa jicho kwenye kioo, akaona lori la mchanga linakuja nyuma yao, tena si polepole. Hapakuwa na nafasi ya samahani wala kama hutajali.

“Usisimame! Wewe ndiye uliye ndani, kanyaga mafuta, pita!”

Wauza matunda waligeuka wote. Sista akakanyaga. Gari likaruka mbele, likazunguka, taa ikawaka, wakatoka salama. Nyuma yao lori likapita, na basi la shule likaingia kwa raha zake. Sista akaegesha kando ya barabara, akazima injini.

Mwalimu alikuwa amefunika uso kwa viganja. “Mama, nisamehe. Sijui nimeingiwa na nini. Nimekufokea.”

Sista alimgeukia. Kisha kicheko kikaanza tumboni, kikapanda, kikamshinda, mpaka akaegemea usukani na kupiga honi bila kukusudia.

“Kumbe sauti unayo,” alisema. “Siku zote najiuliza kama binti yangu kaolewa na mtu au na godoro.”

“Mama, nilikuwa nakuheshimu.”

“Najua. Na mimi nakuheshimu. Ndiyo maana nyumba nzima inakula chakula cha baridi.” Akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. “Haya, nifundishe sasa, wala usinizungushie maneno. Wale watoto, kwa nini nisiwapishe?”

“Kwa sababu dereva wao ameshakuona, anajua unapita. Ukipita, nafasi imepatikana, anaingia. Ukisimama, yeye hajui unataka nini, na wa nyuma yako ndiyo kabisa. Wote mnakwama, na pengine mnaumizana.”

Sista akafikiri. “Yaani kama mgonjwa aliyekwisha kuonwa na daktari, halafu anagoma kutoka chumbani, eti anawahurumia walioko kwenye foleni.”

“Hapo hapo, Mama.”

Wagonjwa wa aina hiyo aliwajua. Wengine aliwatoa mwenyewe, kawashika mkono. Akawasha gari, wakarudi nyumbani.

Kesho yake, mtahini aliyekaa kando yake alikuwa yule yule wa mara zilizopita, na walipoukaribia mzunguko alikaza mkanda. Pembeni kulikuwa na gari kuukuu linasubiri kuingia, dereva wake mzee wa makamo, kashika shavu lililovimba. Jino hilo, Sista alijua, tena la chini. Roho ilimvuta.

“Kamwone daktari, baba,” alinong'ona, na hakugusa breki.

“Unaongea na nani?” aliuliza mtahini.

“Na mgonjwa. Tayari nimemaliza naye.”

Mtahini aliandika jambo, akapangusa mdomo uliokuwa unataka kucheka. Sista alifaulu. Jioni hiyo mlangoni hakuna aliyesema tangulia. Sista aliingia moja kwa moja, mkwe nyuma yake, chakula kikaliwa cha moto, na binti akadhani wamegombana.

Wiki chache baadaye, Radi alikuwa amesimama kwenye mdomo wa mzunguko ule ule na mwanafunzi mpya, wanasubiri nafasi. Kigari cheupe kikatokea ndani ya mzunguko, boksi la chanjo limefungwa mkanda kwenye kiti cha mbele mithili ya abiria. Sista alimwona mkwe wake, alimwona vizuri kabisa. Hakupunguza mwendo. Hakupunga mkono. Aliwasha taa, akakata kona kuelekea vitongojini, akaenda zake.

“Mwalimu,” mwanafunzi alinung'unika, “yule bibi ametuona kabisa, mbona hakutupisha?”

Radi alikuwa anacheka peke yake, macho yamelowa.

“Yule ni mama mkwe wangu,” alisema. “Na haki ilikuwa yake.”