Kitufe cha Kumpisha Mwenzio

Haya nimeyapata kwa mama yake Kimya, juzi alasiri, tukichambua mchele uani kwake.

Saa moja asubuhi, binti yake, ambaye mtaa mzima unamwita Kimya, yuko kwenye benchi la zahanati katikati ya kina mama na watoto wao. Haumwi. Amepakata kompyuta kama wenzake walivyopakata watoto, na macho yake yako kwenye skrini ya ukutani inayoita wagonjwa. Programu hiyo ameiandika yeye.

Kimya na mwenzake mmoja wanaandika programu katika chumba kilicho juu ya duka la fundi cherehani. Meza mbili, feni moja, na mlio wa cherehani chini yao kutwa. Walikuwa karibu kukifunga, serikali ikatoa sera mpya: programu za ofisi za umma zitafutwe kwanza kwa mafundi wa hapa nyumbani, zijaribiwe. Zikishindwa, ndipo zinunuliwe nje.

Zahanati hii ndiyo jaribio lao. Na siku ya kwanza mambo yalikwenda mrama, maana babu mmoja mwenye kikohozi aliitwa akapimwe mimba.

"Mjukuu wangu," babu akamwambia nesi, "kama ipo, basi bibi yenu nyumbani asisikie."

Benchi zima lilicheka. Kimya hakucheka. Afisa wa wizara alikuwa anakuja mwisho wa wiki.

"Hata chakula kilimshinda," mama yake ananiambia. "Nikamwambia, mwanangu, kakae na watu. Hiyo kompyuta yako haijawahi kuumwa, itajuaje?"

Ndipo akaenda kukaa. Akamwona mama mjamzito anamgeukia mzee: "Baba, unakohoa sana, tangulia wewe." Wakabadilishana vikaratasi vya namba, kompyuta haina habari, kama siku ile ya babu. Programu ilijua foleni. Kupishana haikujua.

Akaongeza kitufe kwenye mashine ya kutolea namba: Nampisha. Unaweka namba yako na ya mwenzio, unampa zamu, na kila mmoja anabaki na jina lake na maradhi yake.

Afisa alipofika hakutaka maelezo. "Nipeni namba kama mgonjwa," akasema, akakaa. Nyuma yake mtoto mwenye homa alikuwa analia mapajani kwa mama yake, sauti imeshakauka. Afisa akatazama skrini. Akatazama mtoto. Akanyanyuka.

"Dada, namba yako ngapi?"

Akabonyeza. Likaitwa jina la mtoto mwenyewe, si la afisa. Afisa akarudi kukaa.

"Zile za kununua nje hazina hii," akasema polepole, kama anajisemea. "Endeleeni. Mtapewa zahanati zote za wilaya."

Mchana ule Kimya alirudi nyumbani, akajinyoosha mkekani, kichwa mapajani kwa mama, akaongea kuliko alivyoongea mwaka mzima. Anataka kuchukua vijana wa kujifunza kazi, meza zijae mpaka dirishani. Anaziona zahanati za nchi nzima, skrini zinaita taratibu, watu wanapishana kama maji.

"Na kelele za cherehani je?" mama akamuuliza.

"Ziache, mama. Bila zile siwezi hata ku…"

Hakumaliza. Mama akaendelea kumpepea kwa upindo wa nguo yake, taratibu, taratibu zaidi. Anasema hakumbuki mkono ulitua saa ngapi, kwa sababu na yeye alishalala.